Upelelezi wa Nyumba Katika Pwani ya Vimbunga

Afisa wa jeshi hufundishwa tangu siku zake za kwanza katika chuo cha makadeti kwamba hana ruhusa ya kupeleka kikosi mahali ambapo hapakupelelezwa. Hutuma watu wakatazame njia, mito, vilima, mahali pa kujificha na mahali pa kutokea, huwauliza wenyeji, hulinganisha ramani na ardhi yenyewe, na ndipo atoe amri. La kustaajabisha ni kwamba afisa huyo huyo, au koplo aliyekuwa chini yake, au sajini wa polisi aliyewapeleleza wezi kwa miaka ishirini, akishapata mkopo au kiinua mgongo chake, hununua nyumba kwa kuitazama mara moja tu, tena mchana, tena siku ya jua, tena akiwa amefuatana na dalali.

Katika makala haya tumekusudia kuzungumza juu ya ununuzi wa nyumba katika nchi za pwani zinazopigwa na vimbunga, na hasa pwani ya Msumbiji. Msomaji wetu aliyeko Bombo au Mbale aweza kuuliza: sisi watu wa bara tuna haja gani na tufani za baharini? Swali hilo ni la haki. Kimbunga hakistawi karibu na mstari wa ikweta, kwa sababu hapo mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha ya kuuzungusha upepo. Ndiyo maana Uganda haipati vimbunga, na Mombasa huvipata kwa nadra sana. Lakini mtu akishuka kusini kidogo tu, mambo hubadilika. Aprili 1872 tufani iliiangukia Unguja, ikang'oa mikarafuu na minazi na kuvunja merikebu za Sultani Barghash. Pemba ilisalimika, na tangu hapo ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu. Aprili 1952 kimbunga kiliingia Lindi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania kikiwa kimekwisha kupungua nguvu, na hata hivyo mvua zake ziliikata barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi.

Zaidi ya hayo, watu wa kazi yetu husafiri. Majeshi yetu yalifika Somalia mwaka 2007, na Novemba 2020 kimbunga Gati kilipiga kaskazini-mashariki ya nchi hiyo. Askari na polisi wa Rwanda walipoingia Cabo Delgado Julai 2021, na wenzao wa nchi za SADC walipofuata, walikwenda katika mkoa uliokuwa umepigwa na kimbunga Kenneth miaka miwili tu kabla yao. Askari huoa ugenini, hupata marafiki wa biashara, na wako wanaotamani kuustaafia mji wenye bahari. Tena, hata asiyekusudia kutoka Uganda atafaidika, kwani kimbunga ni mtihani mkali wa nyumba, na maswali yake ni yale yale ambayo yangefaa kuulizwa kabla ya kujenga katika miteremko ya Bududa, ambako tarehe 1 Machi 2010 mlima uliporomoka ukakifukia kijiji cha Nametsi.

Nyumba iliyo katika nchi ya vimbunga ina historia, kama alivyo nayo kuruta anayeomba kuandikwa jeshini. Kuruta haandikwi kwa kutazamwa sura. Huulizwa alikotoka na huulizwa wanaomjua. Kadhalika nyumba. Katika mji wa Beira swali la kwanza kabisa la mnunuzi liwe hili: usiku wa tarehe 14 Machi 2019 nyumba hii ilipatwa na nini? Na swali hilo lijibiwe na mtu ambaye hana faida yoyote katika mauzo.

Usiku huo ndio kimbunga Idai kilipoingia nchi kavu karibu na Beira, kwa upepo uliozidi kilomita 160 kwa saa. Katika Msumbiji peke yake watu zaidi ya 600 walikufa, na nyumba zaidi ya 100,000 zilibomoka kabisa. Wengi wakisikia habari hizo hufikiri juu ya upepo. Upepo ulifanya kazi yake, hatukatai. Lakini yaliyofuata ndiyo yanayompasa mnunuzi kuyazingatia zaidi. Idai kilikuwa kimekwisha kumwaga mvua nyingi nchini mapema mwezi ule, kikarudi baharini kikapata nguvu, kisha kikaja mara ya pili. Mito ya Pungwe na Buzi ilifurika hata mabonde yake yakawa kama ziwa. Watu waliokwisha kuokoka na upepo, wakadhani vita vimekwisha, walivamiwa na maji kutoka nyuma siku chache baadaye. Barabara kuu ya kwenda Chimoio ilikatika, na Beira ikabaki kama kisiwa.

Kwa hiyo upelelezi uanze na maji. Beira imejengwa penye mlango wa mto Pungwe, na sehemu kubwa ya mji huo iko chini ya kiwango cha maji ya bamvua. Bahari ya hapo hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 6 wakati wa bamvua, jambo ambalo mtu wa Mombasa au Dar es Salaam akiliona mara ya kwanza hushangaa. Sasa, kimbunga husukuma bahari mbele yake, maji yakavimba na kuingia mjini. Na mavimbe hayo yakikutana na bamvua, nyumba iliyokuwa mbali na ufuko huwa ufukoni. Mnunuzi asitosheke na kuambiwa kwamba "hapa si karibu na bahari." Na aende mwenyewe siku ya bamvua, saa ya maji kujaa, atazame mifereji: je, maji yanatoka mjini kwenda baharini, au yanarudi? Na aende tena siku ya mvua kubwa. Mitaa kama Munhava, iliyo bondeni, na Praia Nova, iliyo ufukoni kabisa, ina sifa zake ambazo kila mwenyeji wa Beira anazijua, na dalali huzijua zaidi ya wote.

Maji huacha saini yake. Mstari wa rangi ya udongo ukutani, plasta iliyovimba na kupukutika kwa kimo kimoja chumba hata chumba, milango ambayo mbao zake zimejipinda chini na hazikujipinda juu, soketi za umeme zilizohamishwa juu kuliko kawaida: hizo zote ni habari. Rangi mpya si kosa, lakini rangi mpya iliyopakwa nusu ya chini tu ya ukuta ni ushahidi ambao polisi yeyote angeuandika katika daftari lake. Mnunuzi aitazame pia nyumba kwa nyuma, chooni na stoo, kwa maana wapakaji rangi hawafiki huko.

Baada ya maji ndipo tupande juu ya paa. Hapa tunaomba subira ya msomaji, kwani jambo lenyewe lina elimu ndani yake. Nguvu ya upepo haiongezeki sawa na mwendo wake. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 200 kwa saa hausukumi mara mbili ya ule wa kilomita 100, bali mara nne. Tena, upepo ukipita juu ya paa hauligandamizi tu, bali hulivuta juu, kama mtu anayefunua sufuria. Na dirisha moja la upande unaotoka upepo likivunjika, upepo huingia ndani na kulisukuma paa kwa chini, wakati ule ule ambapo linavutwa kwa juu. Hapo ndipo nyumba hufunuka. Kisha kuna jicho la kimbunga: katikati yake hapana upepo, mbingu hutulia, na watu hutoka nje kushukuru Mungu na kupigilia mabati, baada ya muda upepo hurudi ghafla, ukitokea upande wa pili. Kwa sababu hiyo nyumba iliyoimarishwa upande wa bahari tu imeimarishwa nusu.

Somo kubwa la mapaa lilipatikana Darwin, mji wa kaskazini ya Australia. Alfajiri ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 1974, kimbunga Tracy kiliupiga mji huo. Kipimo cha upepo cha uwanja wa ndege kilionyesha kilomita 217 kwa saa, kisha chenyewe kikaharibika. Watu 66 walikufa, na asilimia 70 hivi ya nyumba za mji zilibomoka au kuharibika vibaya. Shughuli za uokoaji zilisimamiwa na mwanajeshi, Meja Jenerali Alan Stretton, naye aliamua kwamba mji usioweza kuwapa wakazi wake maji wala malazi lazima upunguzwe watu. Zaidi ya watu 30,000, kati ya 47,000 hivi, waliondolewa kwa siku chache. Wahandisi walipochunguza mabaki waligundua jambo ambalo halikutazamiwa. Mabati mengi hayakung'oka kwa dharuba moja kubwa. Yalitikiswa juu na chini mara nyingi mno, mpaka chuma kikachoka na kupasuka kuzunguka misumari na skrubu zake, mfano wa waya unaokunjwa na kukunjuliwa mpaka ukatike. Misumari ilibaki katika mbao. Mabati yalikwenda zake. Baada ya hapo sheria za ujenzi za Australia zilibadilishwa, na mabati yakatakiwa kujaribiwa kwa kutikiswa namna hiyo kabla ya kukubaliwa.

Basi mnunuzi na achukue ngazi. Hatuoni sababu ya mtu aliyepanda kuta za kamba katika mafunzo kuogopa kupanda darini kwa muuza nyumba. Atazame kama kenchi zimefungwa kwenye ukuta kwa vyuma bapa vinavyozunguka boriti na kuzama katika zege, au zimewekwa tu juu ya ukuta na kupigiliwa msumari mmoja wa mshazari. Nyumba nyingi tulizoziona katika nchi zetu hizi ni za namna ya pili. Atazame kama juu ya ukuta, kuzunguka nyumba nzima, pana mkanda wa zege wenye nondo, kwa maana chuma bapa kilichofungwa kwenye tofali moja huondoka pamoja na tofali lake. Aulize geji ya bati, akikumbuka kwamba katika mabati namba kubwa ni bati jembamba: la geji 32 ni jepesi kuliko la geji 28. Ahesabu skrubu za ukingoni na za kwenye kofia ya paa, kwani hapo ndipo upepo huanza kufunua, na hapo zinatakiwa ziwe karibu karibu zaidi. Paa lenye miteremko minne hustahimili kuliko lenye miwili. Paa lililolala sana huvutwa zaidi kuliko lenye mwinuko wa kadiri. Na upenu mrefu, ambao sote tunaupenda kwa kivuli chake, ni mkono ambao upepo unaushika. Baraza ni heri iwe na paa lake peke yake, ili likichukuliwa lisiende na la nyumba.

Wala tusidhani kwamba kazi ya ovyo ni ya nchi maskini tu. Tarehe 24 Agosti 1992 kimbunga Andrew kiliipiga Florida, Marekani, kikavunja nyumba zaidi ya 25,000 na kuiharibu vibaya kambi ya jeshi la anga ya Homestead. Wachunguzi walikuta mapaa ambayo misumari na pini zake zilipigwa kando, zikaikosa mbao iliyokusudiwa kushikwa. Mwenye nyumba alilala chini ya paa hilo kwa miaka, akilipa kila mwezi, bila kujua kwamba limekaa tu kama kofia kichwani.

Kuta nazo zina maneno yao. Pwani watu wengi hufyatua matofali na kukoroga zege kwa mchanga wa ufukoni kwa kuwa ni wa bure. Chumvi iliyomo hula nondo polepole, nondo zikishika kutu huvimba, na zege hupasuka kwa mstari ulionyooka kufuata nondo, pamoja na madoa ya rangi ya kahawia. Ufa wa namna hiyo katika nguzo si wa kuzibwa kwa plasta. Nyumba za miti na udongo zilizoezekwa makuti tusizidharau; zikianguka, gharama yake ni ndogo, na mwenyewe aweza kuisimamisha tena. Lakini hakuna anayekwenda kukopa fedha za miaka mitano ili anunue nyumba ya makuti.

Sasa hati. Nchini Msumbiji ardhi yote ni mali ya Serikali, tangu uhuru wa mwaka 1975, na haiuzwi. Kinachouzwa ni nyumba iliyo juu yake. Na mjini, nyumba ikiuzwa kwa halali, haki ya kutumia kiwanja chake huhamia kwa mnunuzi. Haki hiyo huitwa DUAT. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1997 yasema kwamba mgeni binafsi ataipata ikiwa ameishi nchini humo si chini ya miaka 5, tena ana mradi wa uwekezaji uliokubaliwa. Nchini Tanzania vile vile, asiye raia hapewi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa. Kwa hiyo askari wa Uganda anayeambiwa na dalali kwamba atauziwa "kiwanja na karatasi zake zote" kwa siku mbili, ajue kwamba anauziwa karatasi. Wengine hupitia njia ya kuandikisha jina la mke au la shemeji aliye raia. Hatuwahukumu; ndoa ni jambo jema na mashemeji wengi ni watu waaminifu. Ila na wajue ya kwamba mbele ya hakimu mwenye nyumba ni yule ambaye jina lake limeandikwa.

Liko na swali la hati ambalo huulizwa mara chache mno. Baada ya Idai, Serikali ya Msumbiji iliwahamisha watu wengi kutoka mabondeni, ikawapa viwanja mahali pa juu, kama Guara-Guara katika wilaya ya Buzi na Mutua katika wilaya ya Dondo. Mahali walipohamishwa watu kwa sababu ya hatari, wapo wanaorudi kimya kimya, na wapo wanaouza. Bei huwa nzuri sana. Mnunuzi aende katika ofisi za halmashauri ya mji akaulize kwa maandishi kama kiwanja hicho kimo katika eneo lililokatazwa kukaliwa. Kwetu Uganda jambo hilo linafanana na kununua kiwanja katika kinamasi, ambacho kwa Katiba ya mwaka 1995 Serikali imekishika kwa amana ya wananchi wote. Hati yaweza kuwa na mhuri mzuri, na bado isifae.

Tuje kwa majirani, ambao kwa maoni yetu ndio hazina kubwa kuliko ofisi zote. Katika Pemba ya Cabo Delgado na visiwa vyake watu husema Kimwani, na wengi wanafahamu Kiswahili. Mnunuzi hahitaji mkalimani. Lakini ajue namna ya kuuliza. Akisema, "Mama, je, nyumba hii ni nzuri?" atajibiwa kwamba ni nzuri, maana nani atamharibia jirani yake mauzo? Na aketi kwanza, aamkie kama inavyopasa, "Shikamoo mama," aitikiwe marahaba, azungumze habari za mvua na za watoto; kisha aulize, "Usiku ule wa Kenneth ninyi mlikimbilia wapi?" Mama akisema, "Tulikimbilia nyumba hii unayotaka kununua," basi nyumba imepata cheti kisichopatikana kwa mhandisi. Akisema kwamba waliopanga humo ndio waliokimbilia kwake, hilo nalo ni jibu.

Asikubali lakini lile neno la "hapa hakijawahi kufika kimbunga." Kenneth kilipoingia kaskazini ya Pemba tarehe 25 Aprili 2019, wiki sita tu baada ya Idai, kikavunja sehemu kubwa ya kisiwa cha Ibo, hapakuwa na kumbukumbu ya kimbunga chenye nguvu kama hizo kufika kaskazini namna hiyo katika Msumbiji. Mtu aliyenunua nyumba huko mwaka 2018 aliambiwa ukweli mtupu kwamba hakijawahi. Kisha Desemba 2024, Chido kikaingia wilaya ya Mecúfi, kusini ya mji huo huo wa Pemba. Na Freddy, mwaka 2023, kilipiga Msumbiji mara mbili, Februari na Machi, kikapanda mpaka Malawi kuua mamia ya watu katika miteremko ya Blantyre, mbali kabisa na bahari.

Mwisho ni habari ya fedha, nasi hatutaieleza kwa urefu kwa kuwa kila askari anaujua mshahara wake. Wanajeshi wetu hukopa katika Wazalendo SACCO, na polisi katika Exodus SACCO. Upepo ukiichukua nyumba, makato ya mshahara hayaendi nayo. Yataendelea mwezi baada ya mwezi mpaka deni liishe. Kwa hiyo mkopaji aulize juu ya bima kabla ya kutia sahihi, wala asiulize tu, "Je, mnalipa kimbunga?" Aulize juu ya upepo peke yake na mafuriko peke yake. Nchini Marekani bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko, nayo hununuliwa mbali. Na watu wengi waliogundua hivyo waligundua wakiwa wamesimama ndani ya maji.

Majira ya vimbunga katika pwani hiyo huanza Novemba na kwisha Aprili. Muuzaji hupenda kuuza Julai, wakati wa kusi, nyasi zikiwa kavu na njia zikipitika. Mnunuzi akiweza, na aweke mapatano mbele ya wakili, atoe sehemu ya fedha, na malipo ya mwisho yangoje mpaka mvua za Februari na Machi zipite naye amekwenda kuitazama nyumba kwa macho yake. Muuzaji ana haki ya kukataa masharti hayo. Akikataa, aulizwe sababu, na jibu lake liandikwe pamoja na yale ya majirani.